Wageni wanaongezeka Zanzibar, lakini vyumba vyangu vinane havijai: nijenge vingine au nisubiri?

Mwenye Vyumba Vinane:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi na dada yangu tuna nyumba ya wageni Jambiani, mashariki ya Unguja, katika kiwanja tulichoachiwa na marehemu baba yetu. Tangu mwaka 2014 tuna vyumba vinane. Sasa kuna benki iliyo tayari kutukopesha fedha za kujenga kumi na viwili zaidi ili vitimie ishirini, na dada yangu anaona kwamba tukizubaa tutapitwa.

Hoja yake ni takwimu, na takwimu zenyewe si za kubeza. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ilihesabu wageni 538,264 walioingia Zanzibar mwaka 2019. Mwaka 2020 wakashuka hadi 260,644 kwa sababu ya korona, kisha wakapanda mwaka hadi mwaka wakafika 638,498 mwaka 2023 na 736,755 mwaka 2024. Maana yake ni kwamba katika miaka mitano wageni wameongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, tena shimo la korona likiwa katikati.

Mimi ndiye ninayeshika daftari la mapokezi, na daftari langu halisemi hivyo. Mwaka 2019 vyumba vyetu vililaliwa kwa asilimia 58, na bei yetu ya wastani ilikuwa dola 65 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Mwaka 2024, mwaka wa wageni wengi kuliko yote iliyotangulia, tulipata asilimia 54 kwa dola 60. Yaani wageni wameongezeka, nasi tumepata wachache zaidi kwa bei ndogo zaidi. Nyumba ni safi, maoni ya wageni ni mazuri, na wafanyakazi ni walewale. Naomba wenye uzoefu wa biashara hii wanieleze wageni hao wanakwenda wapi, na kama kukopa sasa ni busara.

Bi Hesabu:

Wa alaykum salaam kaka. Nimefanya kazi ya uhasibu katika hoteli za kaskazini na mashariki kwa miaka mingi, na swali lako nimelisikia kwa wenye nyumba wengi wadogo. Takwimu za dada yako ni sahihi na daftari lako ni sahihi. Tatizo ni kwamba hazipimi kitu kimoja.

Takwimu ya wageni inahesabu vichwa vilivyopita uwanja wa ndege na bandarini. Haisemi mgeni alilala siku ngapi, alilala kijiji gani, wala alimlipa nani. Anayetoka Serengeti akapumzika siku tatu anahesabiwa mmoja, na anayekaa Nungwi, kule kaskazini, majuma mawili anahesabiwa mmoja vilevile. Kisha upande wa pili wa mizani, yaani vyumba, haumo kabisa katika takwimu hiyo. Panda daladala kutoka Paje hadi Makunduchi uhesabu kuta mpya na makuti mapya yaliyoota tangu korona iishe, pamoja na nyumba za kupangisha kwa siku ambazo hazina hata kibao barabarani. Keki imekua, lakini walioizunguka sinia wamekua zaidi. Ndiyo maana bei yako imeshuka wakati takwimu za nchi zinapanda.

La pili ni njia anayopitia mgeni. Tangu miaka ya 1990 Kiwengwa na Pwani Mchangani zimekuwa pwani za Waitaliano, na mpaka leo sehemu kubwa ya soko la huko inafanya kazi kwa namna ileile: mgeni analipa Milan kabla ya kuondoka, nauli ya ndege, kitanda, chakula na vinywaji vyote kwa bei moja, naye anafika kwa ndege ya kukodi na kupokewa na basi. Siku hizi Wapoland wengi wanakuja kwa mtindo huohuo. Huyo anaongeza takwimu za dada yako, lakini hajawahi kuwa mteja wako hata kwa dakika moja, kwa sababu kitanda chake kilikwisha kukodiwa na kampuni ya safari miezi mingi kabla. Soko lako ni mgeni anayejitafutia mwenyewe chumba kwenye simu, na hapo unashindana na kila mwenye nyumba kutoka Bwejuu hadi Makunduchi, huku mtandao wa kuuzia vyumba ukichukua asilimia 15 au zaidi. Dola 60 zako, kabla ya kodi, umeme na mayai ya asubuhi, ni dola 51.

Mgeni wa namna hiyo pia anahisi kila gharama inayoongezwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Kwa anayelala hoteli ya dola 400 kwa usiku, hiyo ni bei ya chakula kimoja cha jioni. Kwa mume na mke watakaolala kwako siku tano, ni dola 88 juu ya dola 300, karibu sawa na usiku mmoja na nusu wa chumba chako. Sisemi bima ni mbaya. Nasema inambana zaidi mgeni wako kuliko mgeni wa jirani yako mkubwa.

Sasa kuhusu mkopo. Achana na asilimia ya mwaka. Chumba cha tisa kina faida usiku ule tu ambao vyumba vyote vinane vimejaa na bado kuna mtu anabisha hodi. Fungua daftari lako, uhesabu ni usiku ngapi mwaka 2024 vyote vinane vililaliwa, kisha urudi utuambie.

Mzee wa Maleleji:

Bi Hesabu amesema kweli. Mimi nitaongeza habari ya bahari, ambayo wakopeshaji hawaiandiki kwenye fomu zao.

Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali, na mgeni anaogelea asubuhi na jioni. Kwetu mashariki, siku za bamvua, yaani za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji yanapwa hadi karibu na mwamba wa matumbawe, na mgeni aliyeona picha ya bahari ya buluu anaamka anakuta uwanja wa mchanga, mashamba ya mwani na kina mama wakivuna. Wapo wanaolipenda jambo hilo kuliko kuogelea, na hao ndio wageni wa kweli wa Jambiani. Lakini ni wachache kuliko wanaotaka kuogelea, na tofauti hiyo imo ndani ya bei ya chumba utake usitake. Anayesoma takwimu za Unguja nzima anachanganya pwani mbili zisizouza bidhaa moja.

Kilichoiokoa Paje ni upepo. Kusi ya Juni hadi Septemba na kaskazi ya Desemba hadi Februari huleta watu wa kuteleza majini kwa tiara, ambao maji mafupi ya ndani ya mwamba ndiyo wanayoyataka, nao hukaa siku nyingi. Maleleji yakiingia, bahari ikatulia, hao wanaondoka. Kisha masika: Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga kabisa, mafundi wakaezua na kuezeka. Benki haina masika. Rejesho la Mei ni sawa na rejesho la Agosti.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona mtu akiliweka kwenye mipango yake. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Miaka ya karibuni iliangukia Machi na Aprili, ambako biashara ni ndogo kwa vyovyote, na sasa inaingia Februari, mwezi wa neema. Hoteli kubwa ina mkahawa wake ndani ya ukuta na haitikisiki. Nyumba ya vyumba vinane inayomtegemea mama lishe wa kijijini kwa chakula cha mchana itamweleza nini mgeni? Kama mna fedha za kujenga, jiko ningelitanguliza mbele ya vyumba.

Na jenereta pia. Waliokuwapo mwishoni mwa mwaka 2009, nyaya za umeme kutoka bara zilipokufa na Unguja ikakaa gizani karibu miezi mitatu, wanajua kwamba vyumba vinane unaweza kuviendesha kwa jenereta ya kukokota, ishirini huwezi. Tangu waya mpya wa baharini ulipozinduliwa mwaka 2013 hali imekuwa bora, ila mimi bado silali vizuri taa zikicheza.

Mtu wa Ukunda:

Niruhusuni nichangie kutoka Diani, pwani ya Kenya, kwa kuwa sisi tulipita mlango huo kabla yenu.

Mei 2014 serikali ya Uingereza ilitoa tahadhari ya kuwazuia raia wake wasisafiri kwenda Mombasa na sehemu za pwani kwa sababu ya usalama. Kampuni za safari za Uingereza ziliwarudisha kwao mamia ya wageni waliokuwa wameshafika, zikazifuta safari zao za ndege za miezi iliyofuata. Diani yenyewe haikutajwa katika eneo la hatari, lakini uwanja wa ndege waliokuwa wakiutumia ni wa Mombasa, basi ikawa mamoja. Hoteli zikafungwa, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani bila kujua wataitwa lini. Malindi, iliyoegemea soko la Italia kwa miongo kadhaa, iliumia vibaya zaidi, na ziko kuta huko ambazo hazikufunguliwa tena.

Waliosimama hawakuwa wakubwa wala wadogo hasa. Walikuwa wale wasio na deni na wale waliokuwa na mgeni wa pili, na kwetu mgeni huyo wa pili alikuwa Mkenya mwenyewe kutoka Nairobi, anayekuja Pasaka, likizo za shule na Desemba. Treni mpya ya Mombasa ilipoanza mwaka 2017 akaongezeka. Nauliza kwa heshima: nyinyi mna mgeni wa namna hiyo? Dar es Salaam iko saa mbili hivi kwa boti, lakini marafiki zangu wa huko huniambia kwamba Jambiani wanatajiwa bei kwa dola kana kwamba wametoka ng'ambo. Pasaka huangukia Machi au Aprili, wakati vyumba vyenu viko tupu.

Mwenye Vyumba Vinane:

Ahsanteni sana. Nimekaa na daftari usiku mbili. Mwaka 2024 vyumba vyote vinane vililaliwa usiku 41 tu: kumi na tisa katika Agosti, tisa baina ya Krismasi na siku za mwanzo za Januari, na zilizobaki zimetawanyika Julai na Februari. Nilidhani ni zaidi ya mia moja. Nadhani siku za kujaa huziona ndefu kwa sababu ndizo siku nisizolala.

Kwa Mtu wa Ukunda: wageni wa Dar es Salaam hatujawahi kuwatafuta, na nakiri kwamba bei yetu kwa shilingi hatujawahi kuiandika popote.

Bi Hesabu:

Basi hesabu ni hii kaka. Vyumba kumi na viwili vipya kwa usiku 41 ni 492, hata kama vingejaa vyote kila usiku huo. Kwa mwaka mzima vyumba hivyo vinaweza kulaliwa mara 4,380. Kwa hiyo ushahidi ulio nao mkononi unatetea kiasi cha asilimia 11. Usiku mwingine wote, vyumba vipya vitamchukua mgeni ambaye angelala katika vya zamani.

Nikiwa mwadilifu, hesabu hii ina tundu. Mtandao ukiona huna nafasi haukuonyeshi waliokutafuta, na kikundi cha watu kumi na sita wa tiara au wa harusi hakikuulizi kabisa kwa kuwa kinaona una vyumba vinane. Mahitaji ya namna hiyo hayaandikwi kwenye daftari. Njia rahisi ya kuyapima ni kuongea na jirani mwenye vyumba saba au vinane mchukue vikundi pamoja kwa msimu mmoja, bila kununua tofali hata moja.

Halafu, usiku 41 za kujaa mliuza kwa bei gani?

Mwenye Vyumba Vinane:

Dola 60, kama siku nyingine. Bei yetu ni moja mwaka mzima.

Bi Hesabu:

Hapo ndipo fedha zako zilipo. Nyumba inayojaa usiku kumi na tisa katika Agosti kwa bei ya Novemba imejiuza rahisi. Weka dola 80 kuanzia katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti, na tena kwa siku nyingine zinazojaa, kama za Krismasi, uone kama utapoteza mtu. Usiku 41 kwa vyumba vinane ni 328. Ongezeko la dola 20 ni dola 6,560, kabla ya kutoa fungu la mtandao. Sidhani kama vyumba kumi na viwili vingekuachia kiasi hicho baada ya rejesho la benki katika mwaka wa kwanza.

Mwenye Vyumba Vinane:

Nimemsomea dada yangu majibu yote. Amekubali tusisaini mkopo mwaka huu, kwa sharti kwamba jiko lijengwe kabla ya Ramadhani ijayo na kwamba yeye ndiye atakayepanga bei ya wageni wa Dar es Salaam. Jirani wa upande wa kusini ana vyumba saba, na tutakwenda kwake Ijumaa baada ya sala. Mzee wa Maleleji, kama bado uko hapa: fundi anataka kuezeka jiko kwa makuti, nami ninaogopa moto. Wengine wanatumia nini?

Mzee wa Maleleji:

Bati juu ya jiko, makuti juu ya baraza ya kulia, na uache nafasi ya hatua kumi baina yake. Kusi hubeba cheche mbali.