MJADALA: Kipilefti chetu kiwekwe korosho, mjusi, au waliombeba mjusi?

Wakuu habari zenu, Mtwara kuchele. Naomba tulijadili hili hapa maana juzi kijiweni lilitushinda, tumeachana saa nne usiku kila mtu na lake.

Ilianza hivi. Jamaa yetu mmoja dereva wa masafa karudi safari, akawa anatusimulia miji aliyopita, Mwanza wana samaki wao kwenye kipilefti, Arusha lazima uuone mnara wa Azimio, Dodoma Mwalimu kasimama pale Nyerere Square, kuta nazo siku hizi zinachorwa mpaka unapenda mwenyewe. Akauliza, sasa sisi huku kusini siku tukiambiwa chagueni sanamu ya kuweka katikati ya mji tutasema nini? Basi hapo moto ukawaka. Wengi wakasema korosho, ndo imetusomesha. Mwingine gesi. Mzee mmoja wa Lindi aliyekuja kumtembelea mwanae akasema nyie mnahangaika bure, mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kale, dunia nzima inamjua. Ustadhi wetu akasema kwa upole tu kwamba yeye sanamu ya kiumbe chenye roho hawezi kuiunga mkono, iwe mjusi iwe mtu. Na muuza kahawa akamalizia, mi bombani kwangu maji nasubiria mpaka usiku wa manane we unaniletea habari za sanamu.

Mi msimamo wangu nausema mapema nisizunguke: tuweke watu. Korosho sio mbaya, lakini korosho haijipandi wala haijipigi dawa yenyewe, na tukijaza miji yetu bidhaa tu ni kama tunamwambia mgeni njoo uone tunauza nini, badala ya kumwambia sisi ni nani.

Nianze na huyo mjusi maana yeye ndo amenifanya nikose usingizi. Kila mtu anakwambia yuko Berlin, kwenda juu ana mita 13 na ushee, walimsimamisha pale makumbusho mwaka 1937, na habari ya kumrudisha imejadiliwa mpaka bungeni. Sawa kabisa. Lakini uliza alifikaje huko. Tendaguru ni kilima kiko porini huko kaskazini magharibi ya Lindi mjini, Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, na wachimbaji wenyewe walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia. Mbung'o walikuwa wengi kwa hiyo mnyama wa kubeba mizigo hakuna, gari hakuna, mifupa ikafungwa vizuri ikabebwa kichwani na mabegani, ile mikubwa inaning'inizwa kwenye mti wa kubebea mabegani, watu wanapokezana, siku kama nne kwa mguu mpaka bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 jamani. Na mkumbuke mwaka 1909 ulikuwa ni miaka miwili tu tangu Maji Maji izimwe, vita iliyoanzia hukuhuku kwetu kule Nandete Kilwa mwaka 1905 watu walipong'oa pamba ya Mjerumani, na baada ya vita ikaja njaa iliyofagia vijiji. Waliobaki hai baada ya hiyo njaa ndo waliobeba huo mzigo.

Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Jina lake limo kwenye maandishi ya Wajerumani wenyewe, na mwaka 2007 mjusi mmoja wa hukohuko Tendaguru kapewa jina la kisayansi Australodocus bohetii, hiyo bohetii ndo yeye. Wanasayansi wamempa Boheti mjusi mzima, sasa niambieni nyie wa Lindi na Mtwara ni mtoto gani wa darasa la saba anayemjua huyo mzee? Mi mwenyewe nimemjua nikiwa na watoto wawili, na iliniuma.

Kwa hiyo mzee wangu wa Lindi, mjusi nakubali, ila chini yake wapite wapagazi.

Na kuchonga msafara wa watu sio kitu cha kwenda kujifunza kwa mtu. Ile staili tunayoiita ujamaa, gogo moja watu wamepandana, huyu kambeba yule, mama kamshika mtoto, mtoto kakanyaga bega la babu, imetoka mikononi mwa Wamakonde, wa huku na wa ng'ambo ya Ruvuma, na anayetajwa sana kuianzisha ni Roberto Yakobo Sangwani. Ukiitazama vizuri unaona kabisa habari ya watu kubebana mzigo imo humo tayari.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mchongaji, katoka Newala akahamia Mwenge Dar kama wengi wa rika lake. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa pembeni yake likizo nzima. Anakaa chini, gogo la mpingo kalibana kwa nyayo zake mwenyewe, anapiga tezo kutoa ule weupe wa nje mpaka weusi utoke, halafu ndo anashika patasi na nyundo ya mti, mwisho tupa na msasa. Alikuwa hachori popote kwanza, anazungusha gogo tu, analiangalia kwa muda mrefu, halafu anaanza na mtu wa chini kabisa. Nikamuuliza kwa nini wa chini, akasema asipokaa sawa huyu hao wengine wote wataanguka.

Miaka mingi baadae nimeingia kwenye ofisi moja kubwa, siitaji, nikakuta kinyago kirefu kinanifika kifuani kimewekwa ukumbini kinang'aa. Nikachuchumaa. Nikaona vidole gumba vya miguu virefu vimepinda kwa ndani, na hivyo vidole hachongi mtu mwingine, ni mjomba. Kibao chini kimeandikwa KINYAGO CHA KIMAKONDE basi. Hakuna jina wala mwaka wala kijiji. Mlinzi akaniambia niinuke nisiguse. Mpaka leo nikikumbuka kifua kinabana, maana mchoraji wa Tingatinga tunamjua ni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru jirani zetu kabisa, alikuwa anachora kwa rangi za baiskeli na kafariki 1972 lakini jina lake ndo limekuwa jina la staili nzima. George Lilanga naye, msanii mtu wa kusini, anajulikana duniani. Ina maana inawezekana kumtaja mtu, ila kwa mchongaji wa kawaida hatutaki. Kwa hiyo hoja yangu ya pili ni hii, sanamu yoyote itakayosimama mjini iandikwe jina la aliyeichonga, kwenye zege kabisa, sio kibao cha bati kitakachong'olewa wakauze chuma chakavu.

Kuna mkuu mmoja alinibishia akasema sanamu ni mambo ya serikali, mwananchi hayamhusu. Hapo ndo tunapokosea wakuu. Mnajua pale Dar ilipo ile Sanamu ya Askari kabla yake palikuwa na nani? Hermann von Wissmann, ofisa wa jeshi la Mjerumani, sanamu yake waliiweka Wajerumani wenyewe. Huyu Wissmann ndo yuleyule ambaye mwaka 1890 alikuja na meli akaziteka Kilwa, Lindi na Mikindani yetu hii. Muingereza alipoingia Dar 1916 akaing'oa, akaipeleka Uingereza kama nyara, baadae ikaishia Hamburg na hukohuko wanafunzi wakaiangusha 1968. Askari akawekwa 1927. Yaani kila mwenye nguvu akija anaweka mtu wake. Sisi leo hakuna anayetuwekea bunduki kichwani, tunaweza kuchagua, halafu tunasema hayatuhusu?

Na anayefanya kazi akikosea inakaa miaka. Si mnakumbuka ile sanamu ya Mwalimu iliyozinduliwa Addis Ababa Februari 2024 pale Umoja wa Afrika, Watanzania wengi mtandaoni walisema hafanani. Mi sipendi kumlaumu fundi ambaye sijamuona akifanya kazi, ila nadhani huwa tunasahau kumuonyesha mwananchi mfano mdogo kabla kazi kubwa haijaanza. Udongo wa mfinyanzi au hata sabuni ya kipande inatosha, unaiweka sokoni siku tatu watu waiangalie, waseme.

Ili niwe mkweli, sisemi mgeni hawezi kutugusa. Zanzibar pale Mkunazini kanisani ule mnara wa watumwa, watu watano wamesimama shimoni na minyororo shingoni, kautengeneza mama wa Sweden, Clara Sörnäs, mwaka 1998, na nilipouona nilishindwa kuongea. Ila yule alikwenda kwenye jambo lenyewe, hakuweka karafuu.

Sasa nirudi kwa ustadhi maana hoja yake sio ndogo na haifai kupuuzwa, nusu ya kijiwe tulikuwa tunamuelewa na mi mwenyewe mama yangu ni Muislamu wa Mikindani hawezi kufurahi kupita kila alfajiri mbele ya mtu wa zege. Nilimfuata kesho yake baada ya alasiri tukakaa barazani. Nikamwambia ustadhi, lakini pwani yetu ina sanaa yake haina kiumbe hata kimoja, angalia milango ya nakshi ya Mikindani, angalia matumbawe yaliyochongwa kule Kilwa Kisiwani, yule msafiri wa Morocco Ibn Battuta alipita pale 1331 akausifia mji. Akasema hiyo haina tatizo hata mngejaza mji mzima. Tukanyamaza kidogo. Halafu akasema yeye mwenyewe, na wapagazi wako si lazima uwaweke sura, weka nyayo zao. Nikamuuliza vipi. Akasema nyayo chini kwenye zege, zinatoka kwenye barabara ya kuingilia mji zinashuka mpaka bandarini, miguu mitupu, mingine imekanyaga zaidi upande mmoja kwa uzito wa mzigo, mtoto wa shule akipita anaweka mguu wake ndani.

Wakuu mi niliishiwa maneno. Nimekaa na hilo wazo toka siku hiyo na kila nikilipima naona limeshinda la kwangu. Sanamu unaizunguka na bodaboda unapita, lakini nyayo unazikanyaga mwenyewe. Kwa Lindi ndo hivyo nawaombea, na wa Lindi mlioko humu mnipinge kama naingilia mji wenu. Kwa Mtwara bado nasema watu, walima korosho, wachongaji, na kwenye mitaa ya misikiti tuweke nakshi.

Kuhusu hela. Muuza kahawa ana haki, maji kwanza, hakuna anayebisha. Ila vipilefti hivyo hivyo tayari vina hela inazunguka, majani yanamwagiliwa, mabango yanalipiwa, kwa hiyo sio kwamba hela haipo kabisa, ni kwamba inakwenda kwa wengine. Na mchongaji wa Newala akilipwa anakula hapa hapa.

Halafu kuta. Kuna ukuta mmoja maeneo ya kwetu kijana mmoja alichora ngoma ya sindimba, wapigaji watatu na mama anacheza, hakulipwa, rangi alichangiwa na mafundi wenzake. Ulikaa miaka kama minne. Siku moja tumeamka umepakwa rangi ya tangazo la kampuni, hakuna aliyeulizwa, hata kijana mwenyewe. Ila rangi waliyopaka ni nyepesi na ukuta una chumvi, masika yaliyopita ikaanza kubanduka, sasa hivi ukipita unaona goti la yule mama na nusu ya ngoma vimerudi. Watoto wameanza kuikwangua kwa vijiti waone kilichobaki. Naulizia tu, kuna anayejua utaratibu wa manispaa ukoje mtu akitaka ukuta kama huo ulindwe? Kama mwenyekiti wa mtaa anatosha niambieni niende.

NYONGEZA: Wameniuliza wengi, kama kweli nataka wachongaji wetu je wanaweza kazi ya nje, maana mpingo ukipigwa jua na mvua unapasuka, na gogo la kutosha kipilefti utalipata wapi wakati mti wenyewe unakua miaka 70 mpaka 100. Swali zuri. Nikampigia mjomba simu jana usiku. Nikamueleza yote, mjusi, wapagazi, Boheti, nyayo za ustadhi. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Halafu akauliza, ni gogo au zege? Nikamwambia zege mjomba. Akasema zege anaweza, mikono ni ileile, unalikata likiwa bado bichi bichi. Ila akasema mchanga uwe wa mtoni na uoshwe, wa baharini hataki kuuona, una chumvi, utakula nondo ndani, nondo ikipata kutu inavimba inapasua kila kitu, na itaanza kwa huyo wa chini.