Naomba ushauri: nipo mafunzoni kliniki ya fiziotherapia, nimwambieje msimamizi kwamba kazi aliyonipa imenizidi?

Mwanagenzi (mleta mada):

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za wakati huu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa fiziotherapia, na nipo katika wiki ya nne ya mafunzo kwa vitendo kati ya wiki nane nilizopangiwa.

Wiki mbili za mwanzo kazi yangu kubwa ilikuwa kutazama: namna mtaalamu anavyoweka goniometa (kifaa cha kupimia pembe ya kiungo) kwenye goti na kusoma nyuzi, anavyopima nguvu za misuli kwa daraja la 0 hadi 5, anavyomwinua kitini mgonjwa wa kiharusi bila kumvuta mkono uliopooza, kwa sababu bega la mkono huo huteguka kwa urahisi. Nilijifunza mengi. Wiki ya tatu mtaalamu mmoja alikwenda likizo, idadi ya wagonjwa ikabaki ileile, na msimamizi wangu akaanza kuniachia wagonjwa peke yangu huku yeye akihudumia chumba cha pili.

Jumanne iliyopita nilikabidhiwa mzee aliyebadilishwa goti, akiwa katika siku ya 11 tangu upasuaji. Niliagizwa nimfanyishe mazoezi ya kukunja na kunyoosha goti, kisha nimtembeze kwa fremu. Nilipomvua soksi niliona shavu la mguu uliopasuliwa limevimba kuliko la mguu wa pili, na nilipoligusa lilikuwa na joto. Mwenyewe akasema lilianza kumuuma usiku wa kuamkia siku hiyo. Darasani tulifundishwa kwamba hizo zinaweza kuwa dalili za damu kuganda ndani ya mshipa. Nilikwenda hadi mlangoni kwa msimamizi nikamwambia, "Samahani, naomba uje uniangalizie mgonjwa." Alikuwa ameshika mguu wa mgonjwa mwingine, akanijibu bila kugeuka, "Endelea, nakuja." Nikarudi, nikaendelea kwa dakika kama 20 huku nikitetemeka. Alipokuja na kuuona mguu, alisimamisha kila kitu na kumpeleka mzee kwa daktari, na kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha kwamba damu ilikuwa imeganda kweli. Ameanzishiwa dawa na anaendelea vizuri.

Hakuna aliyenilaumu, lakini mimi najua kwamba niliona, nikanyamaza. Msimamizi wangu ni mtu mwema aliyezidiwa na kazi, naye ndiye atakayejaza fomu ya tathmini yangu. Naomba mnieleze: mwanafunzi anamwambiaje mkubwa wake "hili siliwezi peke yangu" bila kuonekana mvivu au mwoga?

Fizio Mkongwe:

Marahaba, mdogo wangu. Nimesimamia wanafunzi kwa miaka mingi, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba macho yako yalifanya kazi yake. Baada ya kubadilishwa goti karibu kila mguu huvimba kwa kiasi fulani, kwa hiyo kuutofautisha uvimbe wa kawaida na ule wa kutilia shaka si jambo dogo kwa mtu wa mwaka wa tatu.

Kilichokwama ni ujumbe. Isome tena sentensi yako ya mlangoni: haikumweleza msimamizi chochote ambacho kingemfanya aache alichokishika. Mwanafunzi huomba kuangaliziwa mgonjwa mara kumi kwa siku, na mara tisa ni kwa sababu hana uhakika wa nyuzi alizosoma. Siku nyingine sema hivi: "Mgonjwa wa goti, siku ya 11. Shavu la mguu uliopasuliwa limevimba, lina joto, na maumivu ni mapya. Nina wasiwasi wa damu kuganda. Sijaanza mazoezi na sitaanza mpaka umwone." Ni maneno ya sekunde 15, na yana hali ya mgonjwa, ulichokiona, unachokihofia na unachokiomba. Hakuna msimamizi mwenye akili timamu atakayejibu "endelea" baada ya kusikia hayo.

Ukipata nafasi, pima kwa utepe mzingo wa miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa wa muundi kilicho chini ya goti. Tofauti ya sentimita 3 au zaidi ni mojawapo ya vigezo ambavyo madaktari huvitumia kukadiria uwezekano wa damu kuganda. Ila usilitegemee lile jaribio la zamani la kukunja unyayo kuelekea juu ili kuona kama shavu la mguu litauma. Haliaminiki, maana huweza kuuma pasipo damu iliyoganda na kutouma ilhali ipo. Na mgonjwa akianza kuhema kwa shida au kulalamika kifua, hapo usimsubiri mtu yeyote: piga kelele ya msaada, kwa kuwa damu hiyo huweza kumeguka na kukimbilia kwenye mapafu.

Nyuzi Tisini:

Pole sana, mwenzangu. Mimi nilimaliza mafunzo yangu mwaka jana, na lililoniokoa ni dakika tano za asubuhi. Kila siku kabla ya mgonjwa wa kwanza nilipitia orodha na msimamizi wangu nikimtajia, kwa kila jina, kama ninaweza kufanya mwenyewe, au ninaweza akiwa ndani ya chumba hichohicho, au ninapaswa kutazama tu. Yeye alirekebisha pale nilipojidharau au nilipojikweza. Kwa njia hiyo "siliwezi" haikuwa tena neno la aibu la kutamkwa mbele ya mgonjwa, kwa sababu lilikuwa limeshasemwa na kukubaliwa mapema.

Nina swali moja, usilichukie: uliandika nini kwenye jalada la yule mzee?

Mwanagenzi (mleta mada):

Umenigusa penyewe. Niliandika "amefanya mazoezi ya goti, amevumilia vizuri." Niliandika kabla msimamizi hajafika, na sikuutaja uvimbe.

Mkufunzi wa Chuo:

Mwanangu, hilo lirekebishe kesho asubuhi kabla ya jambo jingine lolote. Usifute wala usichane ulichoandika. Ongeza maelezo mapya chini yake, yenye tarehe na saa ya siku unayoyaandika, ukieleza kwamba ni nyongeza ya kumbukumbu za Jumanne: ulichokiona, mgonjwa alichokisema, saa uliyokwenda kwa msimamizi, mazoezi uliyoyafanyisha na muda wake. Kisha umwombe msimamizi asome na aweke saini yake. Mtaalamu atakayempokea mzee huyo baadaye atatibu kwa kufuata jalada, na kwa sasa jalada linamwambia jambo lisilo kweli.

Sitaki ubebe peke yako mzigo usio wako. Mwanafunzi hufanya kazi chini ya leseni ya mtu mwingine, na aliyekukabidhi mgonjwa wa upasuaji wa siku 11 bila kumwona kwanza alikuwa na wajibu aliouacha. Hapa ninatofautiana kidogo na Fizio Mkongwe: hata kama sentensi yako ilikuwa dhaifu, msimamizi alipaswa kuuliza "kuna nini?" Zungumza naye kwanza, ana kwa ana, wagonjwa wakishaondoka. Wiki inayofuata ikipita bila mabadiliko, mweleze mratibu wa mafunzo chuoni kwako. Kufanya hivyo si kusengenya. Mratibu yupo kwa ajili ya hayo, na ana uwezo wa kuomba upunguziwe wagonjwa kuliko utakavyoweza wewe.

Goti Jipya:

Mimi si mtaalamu. Nilibadilishwa goti miaka miwili iliyopita, na mazoezi yangu mengi yalisimamiwa na wanafunzi. Naomba niseme kwa niaba ya huyo mzee. Sisi wagonjwa hatujui maumivu yapi ni ya kawaida na yapi ni ya hatari. Tumeambiwa mazoezi yatauma, kwa hiyo tunauma meno na kuvumilia. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, mimi bado ninasoma, na hili sina uhakika nalo, kwa hiyo tutasimama hapa mpaka mkubwa wangu aje." Tulikaa kimya pale kitandani karibu robo saa. Sikumdharau hata kidogo. Tangu siku hiyo nilitamani nipangiwe yeye tu. Jitambulishe kwa wagonjwa kuwa wewe ni mwanafunzi, mwanangu. Ni haki yao kujua, na wewe itakupa ruhusa ya kusimama.

Mwanagenzi (mleta mada):

Nimerudi kuleta mrejesho. Nyongeza nimeiandika, na msimamizi ameisoma na kuiwekea saini. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia kwamba kosa la Jumanne lilianzia kwake, na kwamba tangu siku ile amekuwa akilifikiria neno "endelea." Tumekubaliana kwamba yeyote aliyepasuliwa ndani ya wiki sita ataonwa na yeye kwanza, na orodha tutaipitia pamoja kila asubuhi kama Nyuzi Tisini alivyoeleza. Amenipa pia utepe wa kupimia ambao sasa unakaa mfukoni mwangu.

Mzee naye amerudi leo baada ya daktari kuruhusu aendelee kutembea. Nimemwambia kwamba mimi ni mwanafunzi, nikamweleza nilichokiona siku ile na kwamba nilipaswa kusimamisha mazoezi, nikamwomba radhi. Amenishika mkono, akaniuliza kama leo tunaanza na kukunja au kunyoosha. Tulianza kwa kupima miguu yote miwili.