Saladi ya kuku ya krimu yenye matunda kwa wageni 40: nitumie nanasi au embe?

Mwanatanga

Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi Desemba tuna shughuli ya familia hapa Tanga, na katika kugawana kazi mimi nimeangukiwa na vyakula vya baridi kwa wageni wapatao 40. Pilau na nyama vina wapishi wake. Ninachotaka kuandaa mimi ni ile saladi ya kuku iliyochanganywa na mayonezi na matunda, nzito, yenye utamu wa mbali, ambayo hutolewa ikiwa baridi. Nimeila kwenye hafla za watu, na nilichokiona ni kwamba haitabiriki: mahali pengine inakuja imeshikana vizuri, mahali pengine unakuta maji meupe yametuama chini ya bakuli, kuku amelegea na matunda yanaogelea.

Wifi yangu anashikilia kwamba tunda lake ni nanasi, tena bichi, kwa sababu ukali wake unakata mafuta ya mayonezi. Moyo wangu mimi uko kwenye embe, kwa kuwa utakuwa msimu wake na bei itakuwa nafuu. Naomba wenye uzoefu mnieleze ni tunda lipi linalokubaliana na kuku bila kuleta maji, kama inafaa kuchanganya mayonezi na mtindi, na vipimo vya watu 40 vikoje. Chakula kitaliwa kiasi cha saa 8 mchana, chini ya turubai, na nyumbani tuna friji moja tu ya kawaida.

Mpishi wa Shughuli

Dada Mwanatanga, nianze na nanasi, kwa kuwa hapo ndipo saladi nyingi za aina hii zinapoharibikia. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho kazi yake ni kuvunjavunja protini, na nyama ya kuku ni protini. Ukivichanganya usiku ili vilaliwe na kuliwa mchana, utakuta vipande vya kuku vimelika pembeni: ukikibonyeza kimoja kwa kidole, upande uliogusana na nanasi unasagika kama uji wa mtoto, ilhali katikati bado ni nyama. Ukiwa umetia mtindi au krimu ubaya unazidi, kwa sababu protini za maziwa nazo huvunjwa na kuacha uchungu ulimini ambao hauondoki hata ukiongeza sukari. Papai bichi nalo lina kimeng'enya cha namna hiyo, na ndiyo maana wachoma mishikaki wengi hulisaga na kuipaka nyama ngumu kabla ya kuichoma.

Hata hivyo, kuhusu ladha wifi yako ana hoja. Kimeng'enya hicho hufa kwa moto, kwa hiyo anayelitaka nanasi alikate vipande vidogo, avipitishe kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali mpaka joto liingie hadi ndani na majimaji yakauke, kisha aviache vipoe kabisa. Nanasi la kopo halina tatizo hilo, kwa sababu limekwisha kupashwa moto kiwandani, ila sharti lichujwe vizuri. Kwa shughuli yako mimi ningechagua embe, mradi liwe lile lisilo na nyuzi nyingi, kama bolibo, lililoanza kugeuka rangi lakini bado linakaza ukilibinya. Embe lililoiva likalainika lina utamu zaidi, lakini liache kwa ajili ya juisi, maana ndani ya saladi litapondeka mara tu mwiko utakapoligusa.

Sasa maji. Mayonezi ni mafuta yaliyoshikanishwa na maji kidogo kwa nguvu ya kiini cha yai, na yakiwa peke yake ndani ya friji hayana sababu ya kulegea. Yanalegea yanapoongezewa maji kutoka nje, na maji hayo huletwa na kuku aliyechanganywa akiwa bado ana uvuguvugu, au na tunda lililokatwa, ambalo huendelea kukamuliwa na chumvi iliyomo kwenye mayonezi kadiri muda unavyokwenda. Kwa hiyo kuku apoe hadi awe baridi na afutwe majimaji. Embe likishakatwa likae kwenye chujio juu ya bakuli kwa nusu saa. Na embe hilo likutane na mayonezi wakati wa kupakua, si usiku wa kuamkia shughuli. Kuku na mayonezi yenye viungo vinaweza kulala pamoja ndani ya friji, na kulala huko kunasaidia, kwa sababu viungo vinapata nafasi ya kuingia kwenye nyama.

Kumpika kuku kunahitaji subira kuliko ufundi. Mchemshe kwenye maji yenye chumvi, kitunguu, tangawizi na punje za pilipili manga, moto ukiwa mdogo kiasi kwamba maji yanatetemeka tu, kwani kidari kikitokoswa kwa moto mkali nyuzi zake hukaza, na nyama inayobaki ni kavu hata uimwagie mayonezi ya ndoo nzima. Joto la ndani ya nyama lifike nyuzi 74 za Selisiasi. Asiye na kipimajoto achome kisu kwenye sehemu nene ya paja aone kwamba maji yanayotoka hayana wekundu. Ukimaliza, mkate vipande vya mraba vyenye ukubwa wa pingili ya kidole gumba, na usimchambue nyuzinyuzi, kwa sababu kuku aliyechambuliwa hunywa mayonezi yote na asubuhi utalazimika kuongeza mengine.

Vipimo: kwa wageni ambao wana pilau mbele yao, gramu 100 za nyama kwa kila mmoja zinatosha. Hizo ni kilo 4 za nyama iliyopikwa bila mifupa, na kuku wa kisasa wa kilo moja na nusu hutoa takribani gramu 600, kwa hiyo nunua kuku 7. Tia mayonezi gramu 800 na mtindi mzito gramu 400, bizari ya mchuzi vijiko 3 vya chakula, maji ya ndimu 3, na embe lililokatwa kilo 2. Bizari usiitie ikiwa mbichi. Ikaange kwenye mafuta kidogo mpaka inukie, ndipo uichanganye, vinginevyo saladi yote itakuwa na ladha ya unga. Mtindi wa kawaida ni mwepesi mno, basi mimina lita moja na robo kwenye kitambaa safi cha malmali na ukining'inize ndani ya friji usiku kucha, bakuli likiwa chini yake. Kitakachobaki juu ya kitambaa ndicho unachokihitaji. Pilipili hoho iliyokatwa ndogo na korosho za kukaanga hutiwa mwisho kabisa, ili viendelee kutafunika.

Msafiri wa Leicester

Ninaandika kutoka Uingereza, ambako saladi ya namna hii inauzwa karibu kila duka la sandwichi kwa jina la Coronation Chicken, na ninaona asili yake inajibu sehemu ya swali la dada. Ilitungwa mwaka 1953 kwa ajili ya karamu ya mchana ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na waliohusika nayo ni Rosemary Hume na Constance Spry, waliokuwa wakiendesha shule ya mapishi jijini London. Walikuwa na shida ile ile aliyonayo Mwanatanga: wageni wengi, jiko dogo, na chakula ambacho kilipaswa kutayarishwa mapema na kuliwa kikiwa baridi.

Tunda walilolitumia ni aprikoti, lakini hawakulitia vipande. Walikaanga kitunguu na bizari, wakatia nyanya ya kopo iliyosagwa, divai, maji, ndimu na jani la bay (jani kavu la kuungia mchuzi), wakachemsha vikapungua, wakachuja; mchuzi huo ulipopoa ndipo ulipochanganywa na mayonezi, aprikoti iliyopondwa ikawa laini, na krimu iliyopigwa kidogo. Kwa njia hiyo tunda lilikuwa limekwisha kuwa sehemu ya mchuzi mzito, na halikuwa na maji ya kutoa baadaye. Zabibu kavu na vipande vya matunda vinavyoonekana kwenye sandwichi za siku hizi viliongezwa na watu wengine baadaye, na kwa maoni yangu vingi vimeongezwa ili kuficha uchache wa kuku.

Kwa Tanga ningefanya hivyo hivyo kwa embe: nusu ya kilo ipikwe kwa moto mdogo pamoja na ndimu na chembe ya chumvi mpaka iwe nzito kiasi kwamba mwiko ukipita unaacha njia, ipoe, ichanganywe na mayonezi tangu usiku. Divai haina ulazima. Maji ya ukwaju kidogo yanatoa ukali unaotakiwa. Vipande vya embe lisilopikwa vipungue viwe kilo moja na nusu, vya kupamba na kutafuna, na ladha kubwa ya tunda itakuwa tayari imo ndani.

Mpwani wa Kisauni

Kwa heshima zote, mimi nina shaka na mayonezi katika joto la Desemba. Hapa Mombasa tumezoea kusikia kwamba chakula cha mayonezi kikikaa nje kinadhuru tumbo, na sioni kwa nini mtindi peke yake usitumike. Pia vijiko 3 vya bizari naona ni vingi. Embe linafunikwa, na mgeni anabaki akidhani anakula mchuzi uliopoa.

Mpishi wa Shughuli

Kuhusu bizari sibishani nawe, ndugu yangu. Aanze na vijiko viwili, aonje, ndipo aongeze. Kuhusu mayonezi ninaomba tutenganishe mambo. Mayonezi ya dukani yana siki, na mayai yake kwa kawaida hupashwa moto kiwandani ili kuua vimelea, kwa hiyo yenyewe ni magumu kuharibika. Kinachoharibika katika saladi hii ni kuku aliyepikwa, akishikwa kwa mikono isiyo safi, akikatiwa kwenye ubao uliokatiwa kuku mbichi, kisha akaachwa kwenye joto. Na hata ukimchanganya na mtindi mtupu ataharibika vile vile. Mayonezi ya kutengeneza nyumbani kwa mayai mabichi ni habari nyingine, kwa sababu yanaweza kubeba vimelea viitwavyo salmonela, na kwa shughuli ya watu wengi ninayakataa kabisa. Tena mtindi peke yake hutoa maji upesi zaidi, kwani chumvi ikishaugusa unaanza kuachana.

Kanuni inayofuatwa Marekani na wakala wa usalama wa chakula ni kwamba chakula cha namna hii kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na joto la mahali likizidi nyuzi 32, isizidi saa moja. Chini ya turubai la Tanga mwezi Desemba, hesabu saa moja. Ndani ya saa hiyo watu 40 wanaweza kula bila haraka, mradi saladi isitangulie mezani kabla ya wageni. Azima madeli mawili, yale yanayotumiwa na wauza maji baridi, ujaze barafu, na uigawe saladi kwenye mabakuli madogo manne yenye mifuniko: moja linatoka, matatu yanangoja kwenye barafu. Bakuli lililokwisha kaa mezani halirudishwi kwenye deli wala kujaziwa juu yake.

Mwanatanga

Nawashukuru sana. Nimeamua kufuata njia ya embe la kupikwa pamoja na vipande vichache, na nanasi la kukaangwa nitaliweka kando kwenye kibakuli, wifi yangu asije akasema sikumsikiliza. Yamebaki mawili. Mjomba ameahidi kuleta kuku wanne wa kienyeji kutoka Handeni. Je, niwaingize humu? Na kutakuwa na watoto wengi, ambao najua embe wataliacha wakitafuta zabibu.

Mpishi wa Shughuli

Kuku wa mjomba wapeleke kwenye supu au mchuzi wa nazi, watapata heshima yao. Kuku wa kienyeji aliyekomaa huhitaji kuchemka muda mrefu ndipo alainike, na akishapoa ndani ya friji nyama yake inakaza tena, jambo ambalo kwenye pilau hulioni lakini kwenye saladi ya baridi linaonekana kwa kila tonge. Ukilazimika, tumia vidari tu, uvikate vidogo zaidi ya vile vya kuku wa kisasa, na supu yake usiitupe: vijiko vichache vya supu iliyopungua na kupoa vinaongeza ladha kwenye mayonezi kuliko vidonge vya dukani.

Mkulima wa Zabibu, Dodoma

Kwa zabibu mbichi nina la kusema, kwa kuwa ndizo ninazozilima. Zabibu nzima haitoi maji hata ikilala ndani ya mayonezi, kwa sababu ganda lake linazuia, na kwa wageni wakubwa ni tunda rahisi kuliko yote mliyoyataja. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, hata hivyo, zabibu nzima ni hatari, inaweza kuteleza na kuziba koo. Zikatwe kwa urefu vipande vinne, na kwa kuwa zikikatwa zinavuja, sahani ya watoto ichanganywe peke yake wakati wa kuwapakulia. Zabibu kavu nazo zitie ndani ya mayonezi tangu usiku, gramu 200 kwa hesabu yako, kwa sababu zinanyonya unyevu ulioachwa na kuku, na asubuhi utazikuta zimevimba na mayonezi yamekuwa mazito zaidi. Onja kabla ya kuongeza utamu wowote, maana mayonezi ya dukani mengi yana sukari tayari.