Ua Letu Walukuba (kundi la majirani, Jinja): nani ana siki hai?

JUMAPILI

Mama Zaituni: Asalaam aleikum, hamjambo wote. Kuna mtu hapa ana siki hai? Si ya dukani. Ile yenye utando juu.

Nakato: Siki hai? Inatembea? 😂

Mama Zaituni: Nakato mwanangu usinichekeshe, nina uchungu. Mwezi mzima nina dumu la lita 5 jikoni. Maganda ya mananasi ya Kayunga, maji, nusu kilo ya sukari. Wiki mbili lilitoa mapovu vizuri, kisha likanyamaza. Leo nimefungua, harufu ni ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Uchachu wa siki hakuna.

Shangazi Hadija: Kumbe! Na mimi nilidhani Zaituni anajiremba, nikajiuliza posa imetoka wapi.

Zaituni: Shangazi 🙄

Baba Waiswa: Tia waragi kidogo, itaamka.

Mzee Juma: Baba Waiswa, hiyo ni kumzika mgonjwa akiwa anapumua. Waragi ni asilimia 40. Vijidudu vya siki vinakula pombe, ndiyo, lakini nyepesi, ya asilimia 5 mpaka 7. Ikipita 10 vinalegea.

Mama Zaituni: Mzee, pombe tena? Mimi nilitengeneza siki.

Mzee Juma: Njia ya siki inapita kwenye pombe, mama. Sukari inaliwa na hamira, hapo ndipo unaona mapovu. Inabaki pombe. Halafu wanakuja wengine wanaigeuza pombe kuwa siki. Wewe umefika nusu ya safari. Hiyo harufu ya kucha ni dalili kwamba pombe na uchachu kidogo vimekutana humo, mara nyingi inaondoka yenyewe.

Mama Zaituni: Astaghfirullah. Dumu liko karibu na unga wa futari.

Nakato: Mimi mwaka jana nilijaribu na ndiizi, zile ndizi ndogo tamu, zilizoiva sana. Nikamimina siki ya dukani iwe chachu. Miezi miwili, kimya. Baadaye nikasoma kibandiko: maji na asidi ya asetiki. Basi.

Mzee Juma: Hiyo haina kiumbe ndani. Hata za matunda, nyingi huchujwa na kupashwa moto kabla ya kutiwa chupani. Inasaidia kuzuia ukungu tu. Ukitaka chachu tafuta siki mbichi yenye machicha chini, tia sehemu moja kwa tatu au nne za pombe yako.

Nakato: Mzee ulisomea wapi haya?

Mzee Juma: Dukani kwa Muhindi mmoja Main Street, kabla ya 1972, Amin alipowafukuza. Nilikuwa mtoto wa kutumwa. Mkewe alikuwa na mtungi wa siki ya miwa uani, akikuona umeufunua jua likaingia kwenye mtungi anakurushia kandambili. Walipoondoka sijui nani aliubeba ule mtungi.

Baba Waiswa: Sasa nisikilizeni, msinicheke tena. Ndugu yangu kule Budondo ana jerikeni la tonto, pombe ya ndizi, lililosahaulika tangu kwenye matanga. Hainyweki, inakwaruza koo. Jana nimechungulia ndani kwa tochi.

Baba Waiswa: [Picha]

Nakato: Yesu wangu. Ni ngozi ya nini hiyo?

Baba Waiswa: Nimeingiza vidole. Inateleza kama kambale. Ukiivuta inavutika, haikatiki. Harufu ni siki tupu, macho yanalia.

Mzee Juma: Huyo ndiye mama wa siki! Vijidudu vyenyewe ndivyo vinasuka huo utando, vikae juu karibu na hewa. Chachu mnayoitafuta madukani iko Budondo bure.

Mama Zaituni: Tonto niingize ndani ya nyumba yangu? Ustadhi Abdalla upo?

Ustadhi Abdalla: Nipo, nilikuwa nasoma tu. Siki yenyewe haina neno, Mtume (s.a.w.) aliisifu kuwa kitoweo kizuri. Kwa sisi Mashafii, pombe ikigeuka siki yenyewe, bila kutiwa kitu, ni twahara. Ikitiwa kitu ili igeuke, hapo hawakubali. Mahanafi wanaruhusu. Mengine njoo na Baba Zaituni baada ya Ishaa, haya si ya kuandikia hapa.

Mama Zaituni: Basi sitii kitu. Nimwage?

Mzee Juma: Ngoja kwanza. Dumu umelifunika na nini?

Mama Zaituni: Kifuniko chake. Nimekikaza kwelikweli, kuna vile vijinzi vidogo vyekundu vinanisumbua.

Mzee Juma: Haaaa! Mama, umewanyonga. Hamira inaweza kuishi bila hewa, hawa wa siki hawawezi. Ungewatilia hata huyo mama wa Budondo, ndani ya dumu lililofungwa angekufa tu. Mdomo wa dumu wenyewe ni kama wa chupa, hewa itapitia wapi?

Mzee Juma: Chuja maganda yote. Mimina kwenye mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, au ndoo safi ya plastiki ya chakula. Sufuria ya alumini usithubutu, siki itaila. Usijaze mpaka juu. Funika kwa kitambaa kilichofumwa karibukaribu, funga na mpira. Weka pembeni pa giza, pasipo baridi.

Mama Zaituni: Na chachu itatoka wapi kama sitii?

Mzee Juma: Hao vijinzi unaowafukuza ndio wanaoibeba miguuni. Na ngozi ya nanasi ilikuja nayo. Imo humo tayari, imekosa pumzi tu.

Shangazi Hadija: Kwa hiyo aache inzi waingie?? Mimi sili.

Mzee Juma: Hapana, wakiingia watataga. Kitambaa kibaki.

Nakato: Baba Waiswa, mimi dini yangu hainibani, nikatie kipande cha huyo mama. Kiletwe na tonto yake kidogo, kwenye kitu kisafi. Kaveera, mfuko wa plastiki, hapana.

Baba Waiswa: Boda ni 4,000. Na jerikeni sifungi sana, litamwagikia mtu mgongoni 😂

ALHAMISI, WIKI YA TATU

Nakato: [Picha] Yangu ilianza utando siku ya nane. Sasa ni nene kama chapati.

Mama Zaituni: [Picha] Na yangu, siku ya 19!! Jana palikuwa na vumbivumbi tu juu, leo asubuhi nimetikisa kidogo, kitu kizima kikacheza pamoja. Harufu ya kucha imekwisha. Lakini nina wasiwasi, ni ukungu?

Mzee Juma: Ina manyoya?

Mama Zaituni: Haina. Laini, inang'aa, rangi ya uji.

Mzee Juma: Huyo ni mama. Ukungu una manyoya, mara kijani, mara mweusi. Ukiuona huo mwaga vyote, usikwangue juu. Sasa usimtikise tena, akizama anaanza kusuka upya. Mpe mwezi, uonje.

Ustadhi Abdalla: Mashallah. Na hukutia kitu?

Mama Zaituni: Wallahi sikutia. Nilifungua tu.

Shangazi Hadija: Maembe ya mama Babirye yamekomaa. Ikiiva nataka lita mbili za achari.

Mzee Juma: Hadija, achari ya kuweka miezi inataka siki ya asilimia 5 kamili, na hii hatujaipima. Ya achari nunua. Hii weka kwenye kachumbari.

Shangazi Hadija: Baada ya kuvumilia harufu yote ile? Basi nikatiwe kipande cha huyo mama nikafuge wangu. Nakuja na kikombe.

Mama Zaituni: Uje na cha kioo. Kile cha bati cha juzi hapana. Na mwezi haujaisha.