Mashua ya mita 8, Mokowe hadi Lamu: mota ya umeme kilowati ngapi, betri kiasi gani?

MashuaMokowe

Assalaam aleikum. Naomba msaada wa mafundi wa stima na manahodha kwa pamoja.

Chombo ni mashua ya mbao, mita 8, abiria 12, mashine ya petroli ya farasi 15 imefungwa tezini. Njia ni Mokowe hadi jeti ya Lamu, GPS inasoma kilomita 7 kwenda tu. Safari 6 kwa siku, yaani tatu za kwenda na kurudi, na petroli inaliwa lita 10 hivi. Nataka kuhamia umeme. Muuzaji mmoja anasema mota ya kilowati 5 ni sawa na farasi 10. Mwingine anasema lazima nichukue kilowati 11, kwa kuwa farasi 15 ndiyo kilowati 11. Nani mkweli? Na betri 4 za lori, volti 12 ampea 200 kila moja, zitatosha? Halafu chumvi: hivi vitu vya umeme vitakaa muda gani kabla ya kuliwa?

hesabu_za_bahari

Waaleikum salaam, ndugu. Wote wawili wamesema kweli, ila hakuna aliyejibu swali lako.

Farasi 15 ni kilowati 11.2, hilo halina ubishi. Lakini angalia petroli yako: lita 10 kwa saa nne na nusu hivi za mwendo ni lita mbili na kidogo kwa saa. Mashine ya farasi 15 ikifunguliwa yote hunywa zaidi ya mara mbili ya hapo. Maana yake tayari unaenda polepole, na farasi wengi umewafunga tu pale tezini wanakula jua.

Mashua ya mbao hupasua maji, haipai juu yake kama boti ya fiberi. Kila chombo cha namna hiyo kina kikomo chake cha mwendo. Chukua urefu wa sehemu inayogusa maji kwa mita, tafuta mzizi wake wa pili, zidisha kwa 4.5, utapata kilomita kwa saa. Kwako tuseme mita 7.2, jibu ni 12. Ukikaribia 12 mashua inaanza kupanda wimbi lake yenyewe, na nguvu inayotakiwa inaruka. Kwa mashua nzito kama yako, 9 km/h itataka kama kilowati 2 kutoka kwenye betri, na 12 km/h itapita 5. Tofauti hiyo ya kilomita 3 ndiyo inayoamua bei ya betri yako.

Ule msemo wa "kilowati 5 ni farasi 10" una msingi, kwa sababu mota ya umeme huzungusha rafadha kubwa kwa mizunguko michache, na rafadha kubwa husukuma vizuri chombo kizito kikiwa mwendo mdogo. Kwa kusukuma, sawa. Kwa mbio, hapana.

Lakini usinunue kwa makadirio yangu. Pima. Tafuta mizani ya kuning'inia ya kilo 100, ile ya kupimia samaki. Pakia magunia ya mchanga 17 ya kilo 50, badala ya abiria na mizigo yao. Vutwa na boti nyingine kwa kamba ya mita 20 au zaidi (ikiwa fupi, povu la rafadha yake litakusukuma nyuma na mizani itasema uongo). Mizani ikae kati ya kamba na omo. Mashine yako inyanyuliwe nje ya maji. Subiri maji yasimame, nenda 9 km/h sawasawa, soma kilo, kisha geuka urudi njia ileile usome tena. Chukua wastani. Kilo mara 9.81 mara 2.5 zinakupa wati za kuvuta. Gawanya kwa 0.45, kwa sababu rafadha, mota na waya kwa pamoja hupoteza zaidi ya nusu. Hizo ndizo wati zitakazotoka kwenye betri.

fundi_waya

Nimalizie la betri, kwa sababu hapo ndipo pesa zinapozama.

Betri za lori ziache, kaka. Bamba zake ni nyembamba, zimeundwa kutoa moto mkali kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukizitoa chaji hadi chini kila siku, hazimalizi miezi. Hata ukichukua zile za risasi za kutumika taratibu, unaruhusiwa kutumia nusu tu ya ujazo. Tukichukua kilowati 2.2 kwa saa 4 na dakika 40 (kilomita 42 kwa 9 km/h), ni uniti (kilowati-saa) 10.3 kwa siku. Kwa risasi unahitaji mzigo wa kama kilo 600. Hao ni abiria wanane wanaosafiri bure kila siku.

Chukua lithiamu ya aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti). Seli 16 za volti 3.2, ampea-saa 280, zikipangwa mfululizo ni volti 51.2 na uniti 14.3. Kila seli ina uzito wa kilo 5 na nusu hivi, pamoja na sanduku na nyaya hufiki kilo 120. Ukitumia 10.3 unabaki na uniti 4 za akiba. Kabla ya kuzifunga, ziunge zote 16 sambamba, uzichaji polepole hadi volti 3.65, zikae mpaka ampea zishuke karibu na sifuri, ndipo uzipange mfululizo. Fundi akiruka hatua hii seli moja itajaa kabla ya wenzake, BMS (kifaa kinacholinda betri) itakata chaji mapema, na utalalamika kwamba umeuziwa betri ndogo. Baada ya hapo kwa matumizi ya kila siku weka chaja isimame kwenye volti 56, usiifikishe 58.4 bila sababu.

Kosa linaloacha watu katikati ya mkondo ni hili: kusoma chaji kwa volti. LFP hukaa kati ya volti 3.2 na 3.3 kwa seli karibu safari nzima, kisha inaanguka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. Ukiona volti zinashuka, umechelewa. Weka shanti (kipimo cha ampea) kwenye waya wa hasi, ihesabu ampea zinazoingia na kutoka, na uikumbushe "imejaa" kila asubuhi baada ya chaji kamili. Na tanga na upondo visitoke chomboni. BMS ikikata, inakata mara moja, haipigi hodi.

Waya: mota ikivuta kilowati 5 ni karibu ampea 100. Tumia waya wa milimita 35 za mraba, shaba iliyopakwa bati kila unyuzi. Shaba tupu hunyonya maji ya chumvi kupitia ncha kama utambi, inageuka kijani kisha nyeusi ndani ya mpira, nje inaonekana mpya. Ncha zibanwe kwa koleo la haidroliki, si kwa nyundo, kisha zivishwe mpira wenye gundi unaonywea kwa moto. Fyuzi ya ampea 125 iwe ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye chanya ya betri, na iwe imeandikwa DC ya volti zaidi ya 60. Fyuzi ya gari ni ya volti 32. Swichi ya nyumbani ya AC nayo usiiweke: moto wa DC haujizimi wenyewe, unaendelea kuruka kati ya vyuma mpaka plastiki iyeyuke.

Sanduku likae juu ya ngama (chini ya chombo maji yanapojikusanya), si ndani yake, lipakwe rangi nyeupe, liwe chini ya kivuli. Seli nyingi za LFP hazitakiwi kuchajiwa zikipita digrii 45, na sanduku jeusi juani hapa kwetu linafika huko bila taabu.

MashuaMokowe

Shukrani sana. Na hizi betri mpya za sodiamu zinazosifiwa kwamba zitakuwa rahisi? Nisubiri?

fundi_waya

Usisubiri. CATL, watengenezaji wa betri wa China, walitangaza yao mwaka 2021 na teknolojia inaendelea, lakini kwa kazi yako zina shida mbili: kwa uniti ileile huwa nzito na kubwa zaidi kuliko LFP, na volti zake hutembea sana, seli inaweza kuanza karibu na 4 ikaisha 1.5. Kontrola (vidhibiti vya mota) nyingi za volti 48 zitazima wakati betri bado ina chaji.

mwezi_mchanga

Mafundi wamesema, lakini hakuna aliyeyataja maji yenyewe. Mashua inaenda 9 km/h ndani ya maji, GPS inasoma mwendo juu ya ardhi. Mkondo ukiwa 3 km/h dhidi yako, unasogea 6 tu, na kilomita 7 zinachukua dakika 70. Ukirudi na mkondo unasogea 12, dakika 35. Jumla 105. Maji yangesimama ingekuwa dakika 93. Kwa hiyo mkondo hauturudishii ulichokopa. Kwenda na kurudi kumekula zaidi ya asilimia 12 ya ziada. Petroli haikuonyeshi haya kwa sababu dumu la akiba liko miguuni.

Dawa ni kupanga safari kwa mwezi. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi kupevuka, kwa hiyo kalenda ya Kiislamu inatosha: tarehe 2 na 3, na 16 na 17. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ni kama tarehe 9 na 23. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi kuliko jana. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na robo, na hayaendi sawasawa: gawanya kimo mafungu 12, saa ya kwanza linaondoka moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, kisha mawili, kisha moja. Bamvua la mita 3 linashuka sentimita 75 kwenye saa ya tatu peke yake. Hapo ndipo mkondo una nguvu. Safari zinazokwenda kinyume zipangwe saa ya kwanza na ya mwisho, zinazokwenda na maji zipewe katikati.

Na rafadha kubwa waliyoisifu hukaa chini zaidi. Siku za bamvua maji yakipwa, fungu ulilozoea kulipita na mashine ya petroli linaweza kuigusa. Hakikisha mota ina mkono wa kunyanyuka, na pini mbili za akiba, zile za kukatika rafadha ikigonga, ziwe mfukoni, si nyumbani.

MashuaMokowe

Tumepima leo maji yakiwa yamesimama, magunia 17, kamba mita 25. Kwenda mizani imesoma kilo 36, kurudi 32. Mwendo 9 km/h pande zote.

hesabu_za_bahari

Kazi safi. Wastani kilo 34. Mara 9.81 mara 2.5 ni wati 834, gawanya kwa 0.45 ni kama 1,850. Ongeza asilimia 20 ya kusi likivuma usoni, unafika 2,200. Mota ya kilowati 5 inatosha, na ile ya 11 ni ya kuwafurahisha walio jetini.

Chaja chukua ya ampea 25. Inaweka kama kilowati 1.4, kwa hiyo uniti 10.3 zinarudi kwa saa saba na nusu hadi nane za usiku, na soketi ya kawaida ya ampea 13 inaibeba. Kwenye tokeni itasoma kama uniti 11 na nusu kwa sababu chaja nayo hula kidogo. Paneli za wati 800 juu ya kivuli zingekupa kama uniti 3 kwa siku ya jua, lakini zifunge kwa boliti zinazopenya boriti, maana kusi likiingia chini yake zinakuwa tanga usilolihitaji.

Swali moja: chini ya mashua kulichomwa lini mara ya mwisho?

MashuaMokowe

Miezi minne na kidogo. Kuna magamba.

hesabu_za_bahari

Basi ipandishe ufukweni kabla hujalipia betri. Kwangua, choma, paka deheni au rangi ya kuzuia magamba, kisha rudia kipimo kwa magunia yaleyale. Kila kilo 5 zikipungua kwenye mizani ni wati 270, na kwa saa zako ni uniti 1.3 kila siku.

fundi_waya

Ikiwa juu hivyo, toboa na matundu ya boliti za mota, na uweke nafasi ya anodi ya zinki mahali mkono unapofika. Ikiliwa nusu, badilisha. Ikiisha ndani ya wiki chache kuna umeme unavujia majini: toa waya zote za mota kwenye betri, weka mita kati ya waya hizo na chuma cha mota, ohmu ziwe nyingi kiasi cha mita kushindwa kuzisoma. Ikisoma namba ndogo, tafuta waya uliochubuka kabla ya kurudi majini.