Mashahidi wawili, kamishna wa viapo au notari: kipi kina faida kweli?

mzeewakaratasi: Salaam wakuu. Nataka kumpa mdogo wangu hati ya uwakilishi aniuzie kiwanja maana mimi niko nchi nyingine. Mmoja kaniambia saini mbele ya mashahidi wawili yaishe, mwingine kasema kamishna wa viapo anatosha, wa tatu kang'ang'ania notari, yule afisa wa kushuhudia saini na kugonga muhuri. Hela ya kuchezea sina, huo muhuri una faida gani au ni kupendezesha karatasi tu?

Zuwena_K: Si urembo mkuu. Siku mtu akisema saini ile imeghushiwa, na mashahidi wawili inabidi uanze kuwasaka, mmoja keshahama, mwingine ni shemeji yako kwa hiyo upande wa pili wanasema anakubeba. Notari hana maslahi humo, kakagua pasipoti yako, kakuona ukisaini kwa hiari, kaweka tarehe, na sehemu nyingi kaandika kwenye rejista yake. Hapo hata mnunuzi anatoa hela akiwa na amani.

fundi hati: Nakubali ila tusiupe muhuri nguvu usiyokuwa nayo. Ukiandika kiwanja ni ekari 10 kumbe ni 3, notari wa Marekani hilo halimhusu, yeye kathibitisha tu kwamba wewe fulani ndo umesaini, na kule si lazima hata awe mwanasheria. Ufaransa na Ujerumani ni habari nyingine kabisa, notari wao ni mwanasheria kamili, mauziano ya nyumba yanapita kwake, anaandaa hati, anawaeleza wote wawili wanachosaini, na hati ya asili inabaki kwake nyie mnapewa nakala. Ndo maana bei zao hazifanani, usishangae.

mzeewakaratasi: Asante ndugu. Na kamishna wa viapo je? Nasikia ni rahisi.

Babu Muhuri: Ni rahisi kweli, na kwa hati ya kiapo ya kutumika hukohuko ulipo sioni sababu ya kulipa zaidi. Shida yako wewe hati inavuka mpaka. Kuna Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, nchi zilizomo zinapokeana hati kwa cheti kimoja kinaitwa apostili bila kupita ubalozini. Sasa apostili haibandikwi kwenye karatasi ya watu binafsi tu, inathibitisha saini na muhuri wa mtu mwenye mamlaka, na hati za notari zimetajwa kabisa kwenye mkataba huo. Kwa hiyo karatasi yako ya mashahidi wawili itakwama hapo hapo. Kama nchi mojawapo haimo, unatoka kwa notari unaenda wizara ya mambo ya nje halafu ubalozi, safari ndefu lakini mlango wa kuingilia ni uleule. China imeingia 2023 na Kanada 2024 so msifuate ushauri wa zamani.

nyota_ya_jioni: Na wa mtandaoni jamani? Unakaa mbele ya kamera unaonyesha kitambulisho, kwisha.

fundi hati: Virginia kule Marekani waliruhusu tangu 2012 na kikao kinarekodiwa, ushahidi mzuri tu. Ila ofisi ya ardhi inayopokea ikikataa umelipa bure dada, waulize kwanza.

Zuwena_K: Naongezea kwa wanaosoma wakidhani notari anamaliza kila kitu: wosia Uingereza unataka mashahidi wawili wawepo kwa pamoja ukisaini, muhuri wa notari hauwaondoi.

mzeewakaratasi: Basi notari pamoja na apostili, mashahidi nimeachana nao. Hati ishachapwa, nikishasaini leo usiku kesho naipeleka.

Babu Muhuri: Wee usisaini! Nenda nayo bila saini, beba na pasipoti, usaini mbele ya notari. Na jina liandikwe vilevile lilivyo kwenye pasipoti, hata la kati.

mzeewakaratasi: Duh, la kati sikuliweka. Narudi kuchapa.