Mkuu wangu anasema pango lipo kwenye projekta, ziara ya nini? Naomba ushauri

Chaki_Nyeupe
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha darasa la sita hapa Tanga mjini. Zamani tulikuwa tunakodi kosta tunawapeleka watoto Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 tu kwa barabara ya Horohoro. Siku hizi shule ina projekta, na walimu tuna vile vishikwambi vilivyotumika sensa ya 2022. Nimepeleka ombi la ziara, mwalimu mkuu kanijibu: "Pango si lipo kwenye video? Unataka wakakanyage kinyesi cha popo?"

Video nimeionyesha, nzuri tu. Darasa kimya kuliko siku zote. Nikauliza nani ana swali. Binti mmoja, mkazi wa Chumbageni, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hili pango liko nchi gani?"

Niliishiwa nguvu.

Halafu kuna pesa. Tangu elimu bila ada ianze 2016, ukitamka neno mchango unajitafutia barua ya kujieleza. Nianzie wapi?

MamaWatatu
Mimi ni mzazi na niliwahi kukataa. Shida yangu haikuwa pesa, ni gari. Watoto wanapakatana kama dagaa! Nionyeshe gari na idadi ya walimu, nasaini leo.

Kijukuu_cha_Manamba
Ticha, usiende ofisini na hoja ya "watoto watafurahi". Nenda na andalio la somo. Mwamba wa chokaa huyeyushwa na maji ya mvua kidogo kidogo mpaka pango linatokea. Kwenye video huo ni mchoro. Kule mtoto anamulika tochi, anaona tone linaning'inia kwenye ncha ya jiwe. Na ataona watu wanapoweka sadaka za mzimu, hapo umepata mada nyingine kabisa. Sisi tulipelekwa miaka ya 80, mwongozaji akazima taa makusudi. Shule nimesahau mengi, lile giza sijalisahau.

Popo_Mstaafu
Tusemezane ukweli. Ziara nyingi zilikuwa pilau na soda. Pangoni nusu saa, Raskazone ufukweni mpaka jua linazama. Mwalimu mkuu anayakumbuka hayo, ndiyo maana anakubania.

Chaki_Nyeupe
@Popo_Mstaafu umenichoma, maana mara ya mwisho hata mimi nilirudi na daftari tupu. Basi video wataangalia kabla, kila mtoto aandike maswali matatu ya kwenda kumuuliza mwongozaji. Ufukwe nimeufuta. @MamaWatatu, nitaomba kamati ya wazazi wakague gari wenyewe.

Chaki_Nyeupe
Mrejesho: nimemwomba mwalimu mkuu awe msimamizi wa msafara. Hajakubali, hajakataa. Kauliza tu kama ndani kunapitika, magoti yanamsumbua. Aliyefika karibuni anisaidie.

Kijukuu_cha_Manamba
Kunapitika, ila kuna sehemu nyembamba atainama kweli kweli. Avae raba, suti aiache ofisini.